Mmetutisha kwa vidonge, kiuno hamkukipima

Ndugu Mhariri,

Sijawahi kuandikia gazeti. Miaka yote nimelinunua lako, nikalisoma, kisha nikalikatia patani za magauni. La Jumapili iliyopita nimelikata kwa hasira, hasa ule ukurasa wenu wa ARV, dawa zetu za kufubaza VVU, kunenepesha watu na kuleta kisukari, na picha ya tumbo la mwanamke mliyemkata kichwa. Jumatatu asubuhi mwenzangu wa kikundi akanipigia simu kuuliza kama aache dawa. Nimemtuliza mimi, si ninyi.

Natumia dawa tangu 2006. Nilianza na zile zenye stavudine, zilizotunyonya mashavu na kutuchoma nyayo kama tumekanyaga jivu la moto, mpaka sokoni tukawa tunatambulika kwa sura. Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani likashauri ziondolewe. Kwa hiyo kwamba dawa zina madhara, sikuhitaji gazeti kuniambia. Ila wale niliowazika kabla dawa hazijaanza kutolewa bure mwaka 2004, hakuna hata mmoja aliyekufa kwa unene.

Mliutaja utafiti wa Johannesburg wa 2019, kwamba waliopewa dolutegravir, mojawapo ya ARV za siku hizi, waliongezeka uzito na wanawake ndio waliozidi. Sawa. Mbona hamkuutaja ule wa 2023, wa watu 7,769 wenye VVU katika nchi 12, Uganda ikiwemo, ulioonyesha kwamba kidonge cha kushusha mafuta kwenye damu kilipunguza mshtuko wa moyo, kiharusi na mengine ya aina hiyo kwa asilimia 35? Au habari ya kutibika haiuzi?

Mimi ni fundi cherehani, na fundi hadanganyiki na kiuno. Tangu nihamishiwe kidonge chenye dolutegravir nimetoka inchi 33 hadi 41, magauni yangu yote nimeyafumua ubavuni. Kliniki nakwenda kila baada ya miezi 6. Nachukuliwa damu ya kuhesabu virusi, naambiwa hongera mama, havionekani, nabeba makopo yangu, kwaheri. Hakuna aliyenifunga mashine ya presha wala kunitoboa kidole. Usiku naamka mara nne kwenda msalani, nasema ni uzee. Sukari yangu iligunduliwa chini ya turubai la Siku ya Kisukari, Novemba 14, nilikopita njiani nikienda kununua vifungo. Ilisoma 18, juu mno.

Hapo ndipo sinema ilipoanza. Kliniki ya sukari ni jengo jingine, siku nyingine, faili jingine, na mafaili hayo mawili hayajawahi kuonana. Nikaandikiwa metformin, dawa ya kushusha sukari, miligramu 1,000 asubuhi na 1,000 jioni. Wiki mbili tumbo likaendesha, miguu ikaisha nguvu, nikawa nashona nimeegemea ukuta. Nikirudi naambiwa mama, utazoea. Aliyeniokoa ni kijana wa duka la dawa mtaani, aliyeniuliza swali ambalo hakuna daktari aliyeniuliza: mama, kuna dawa nyingine unatumia? Nilipomnong'oneza akashika kichwa. Kumbe dolutegravir inafanya metformin ijae mwilini kuliko kawaida, na miongozo inataka isizidi 1,000 kwa siku nzima! Akanirudisha kwa daktari na karatasi, dozi ikapunguzwa, tumbo likatulia ndani ya siku chache. Yaani kichwa kimoja, tumbo moja, damu moja, lakini hospitali imenigawa kama kitambaa cha kitenge, kipande huku, kipande kule, na wa kuunganisha ni mimi mgonjwa.

Mtauliza kwa nini sikusema mwenyewe. Nitasema vipi, na lile dirisha la dawa? Tundu liko usawa wa kitovu, unainama kama unachungulia kuku bandani, aliye ndani hasikii, anapaza sauti: "Mama, we' ni wa CTC?" CTC ndiyo kliniki yetu wenye VVU, basi benchi zima linageuka, na jirani yangu wa mtaa yupo. Nani alibuni madirisha haya? Benki mtu anaongea wima na mhudumu kwa heshima, ila kuomba dawa ya uhai wako lazima upige magoti. Na wakishatoka kunywa chai saa nne, tundu linazibwa kwa boksi la glavu.

Najua mtasema nilete mapendekezo. Ninayo. Natoa futi sita za fundi, zile tepu za kupimia kiuno, mpya, zining'inizwe kwenye mlango wa CTC yetu. Mwanamke akizidi sentimita 88 kiunoni, apimwe sukari na presha siku hiyohiyo, kwenye chumba hichohicho, kwenye faili hilohilo. Nikiambiwa hakuna mtumishi wa kupima, nitapima mwenyewe kila Alhamisi asubuhi, bure. Huyo mpigapicha wenu mpenda matumbo aje anishikie ncha ya pili ya futi.

Fundi cherehani,
Morogoro
(Jina langu unalo, usilichape.)