Saki za Lawrence Taylor mmezigawanya vibaya

Ndugu Mhariri,

Makala yenu kuhusu Lawrence Taylor nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza kwa furaha, maana ni nadra gazeti la Kiswahili kuigusa futiboli ya Marekani. Mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi.

Mwandishi wenu amechukua saki 132.5, akazigawanya kwa misimu 13 ambayo Taylor aliichezea New York Giants, akapata kumi na ushei kwa msimu. Kisha akauliza kwa nini anaitwa lainibeka bora kuliko wote ilhali wapo waliomzidi hesabu. (Kwa asiyefuatilia, lainibeka ni mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele ya ulinzi, na saki ni kumwangusha kotabeki, yule mgawa mipira, kabla hajauachia mpira.) Tatizo ni kwamba ligi ilianza kuziandika saki rasmi mwaka 1982, na Taylor alianza 1981. Saki zake 9.5 za mwaka ule hazimo kwenye daftari la ligi. Kwa hiyo zile 132.5 ni za misimu 12. Na msimu ulioachwa nje ya hesabu ndio huohuo aliotangazwa mlinzi bora wa ligi nzima akiwa mchezaji wa mwaka wa kwanza, na Giants wakaingia hatua ya mtoano kwa mara ya kwanza tangu 1963.

Hata hivyo, kumpima kwa saki peke yake ni sawa na kumpima beki wa soka kwa idadi ya mipira aliyoipiga nje.

Mimi nilimwelewa Taylor jikoni. Miaka ya themanini nilikuwa mwanafunzi hapa New Jersey, jioni naosha vyombo kwenye mgahawa mmoja, na mpishi wetu alikuwa mfia Giants. Siku moja akafuta meza, akaweka kidumu cha chumvi katikati: huyu kotabeki. Kando yake pilipili: huyu mkimbiaji, mfupi, kazi yake kubeba mpira na mara mojamoja kumkinga bosi wake. Halafu kutoka pembeni akaisukuma chupa ya kechapu kwa nguvu, pilipili ikaruka hadi sakafuni. "Huyo ndiye 56," akasema, akimaanisha Taylor kwa namba ya jezi yake, akaniachia mimi kazi ya kufagia.

Somo lote lilikuwa pale mezani. Kabla ya Taylor, lainibeka alisimama nyuma kidogo, akisoma mchezo na kusubiri. Akiamua kumvamia kotabeki, mkimbiaji alitosha kumzuia. Akaja mtu wa kilo zaidi ya mia, mwenye mbio za mkimbiaji, ambaye Giants walimwachia avamie karibu kila mara. Joe Gibbs, kocha wa Washington, aliyelazimika kukutana naye mara mbili kila msimu, alipunguza mkimbiaji mmoja na kuongeza mtu mwenye mwili pembeni ya ukuta, yaani safu inayomkinga kotabeki, kwa ajili ya Taylor tu. Bill Walsh wa San Francisco, kwenye mtoano wa Januari 1982, alimchomoa John Ayers katikati ya ukuta akampa kazi ya kumsubiri Taylor, akashinda 38 kwa 24. Polepole timu zikagundua kuwa anayelinda upande wa kushoto, ambako kotabeki wa mkono wa kulia huwa amegeuzia mgongo, hawezi kuwa mtu wa kuokotezwa. Leo ni miongoni mwa wanaolipwa vizuri zaidi uwanjani. Mabadiliko hayo hayamo kwenye safu ya saki.

Makala yenu ilitumia aya mbili nzima kwenye mguu wa Joe Theismann, kotabeki wa Washington, uliovunjika Taylor alipomwangusha Novemba 18, 1985, kana kwamba Taylor alipata jina kwa kuvunja watu. Niliiona mechi ile kwenye televisheni ya mgahawani. Ninachokikumbuka ni Taylor kuruka juu kama aliyeungua, akiwapungia mikono watu wa benchi la Washington waje haraka, kisha akashika kofia yake kwa mikono miwili. Theismann hakucheza tena. Hilo ni kweli, na hayo ya mikono pia ni kweli, ila ninyi hamkuyaandika.

Kama mlitaka mechi moja ya kumweleza, ingekuwa ile ya New Orleans, Novemba 27, 1988. Msuli wa bega umechanika, amefungwa mikanda ili bega lisichomoke, mara kwa mara anatoka ameinama kwa maumivu, halafu anarudi. Alipata saki 3 na kuuchomoa mpira mara mbili. Giants walishinda 13 kwa 12.

Msimu huohuo alikuwa ameukosa mwanzo wake, mechi nne, kwa adhabu ya dawa za kulevya, mara ya pili kukamatwa na vipimo. Nalo hamkuligusa, wala kesi ya 2011 huko New York, alipokiri makosa ya kijinsia yaliyomhusu msichana wa miaka 16. Mimi ni shabiki wake wa uwanjani. Nje ya uwanja sina la kumtetea, na sioni kwa nini gazeti limfunike.

Ninachoomba ni sahihisho fupi: misimu 12 kwa zile 132.5, au jumla ya 142 mkijumlisha mwaka 1981. Pia picha mliyoweka si yake. Jezi inaonyesha 53, na huyo, nikikumbuka vizuri, ni Harry Carson, jirani yake uwanjani, ambaye naye anastahili makala yake.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Jersey City, New Jersey