Barua ya wazi kwa Waziri wa Maliasili na Utalii: mbwa wa kando ya hifadhi apewe sindano, si risasi

Mheshimiwa Waziri,

Kwanza pokea salamu zangu. Nakuandikia kutoka kijijini, magharibi mwa Serengeti, mahali ambapo mtu akiamka alfajiri anafika kwenye mpaka wa hifadhi kwa miguu kabla jua halijawa kali. Kwa miaka 18 nilifanya kazi ya kufuata nyayo kwenye kambi za uwindaji wa kitalii, sehemu kubwa katika Pori la Akiba Maswa. Sasa nimepumzika. Nafuga ng'ombe wachache na mbwa wanne, na nina shotigani moja ninayoimiliki kihalali.

Kabla ya hawa wanne nilikuwa na mbwa aliyeitwa Bosi. Nusu ya mbwa wa kijijini kwetu wanaitwa Simba, nami sikutaka wangu ageuke kila jirani anapoita wa kwake. Alikuwa mwekundu, kifua kipana, mkia umejikunja kama mpini wa kikombe. Usiku alilala mlangoni mwa zizi. Mahindi yakianza kubeba alishinda shambani na watoto akifukuza nyani na ngiri. Usiku mmoja wa Juni fisi walikuja zizini, kukawa na vurugu, na asubuhi tukamkuta Bosi sikio la kushoto limechanika na shavu limetoboka. Tulimwosha kwa maji ya chumvi, tukamsifu, yakaisha. Kadi yake ya chanjo ilikuwa na muhuri mmoja tu, wa miaka 3 nyuma. Tangu muhuri ule, watu wa chanjo hawakupita tena kwetu.

Wiki ya tano akabadilika. Alikataa chakula, akawa anajificha nyuma ya ghala, na sauti yake ikawa ya mtu aliyekabwa koo. Siku ya pili alikuwa anauma chochote kilicho mbele yake: gogo, ndoo, mnyororo wake mwenyewe. Mwanangu alipopita na ng'ombe akamuuma mkononi, kisha akamuuma mtoto wa jirani mguuni. Nilipoona mate yananing'inia kama uzi nikaingia ndani nikachukua bunduki. Nilimpiga kichwani, kwa karibu, kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa porini: risasi moja, mnyama asiteseke.

Mtaalamu wa mifugo alifika kesho yake. Aliutazama mzoga, akanyamaza kidogo, kisha akaniambia kwa upole kwamba kinachopimwa maabara ili kuthibitisha kichaa cha mbwa ni ubongo. Shotigani haikuwa imeacha ubongo wa kupima. Watoto walikuwa wameshaanza sindano hospitalini, na namshukuru Mungu kwamba mama wa mwanangu aliwahi kuwaosha wote wawili majeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15 kabla ya kutoka nyumbani, kama alivyokuwa amesikia redioni. Walimaliza dozi zote, wako hai. Mimi niliuza mtamba kulipia nauli na dawa za watoto wote wawili, kwa kuwa mbwa alikuwa wangu.

Nimeshika bunduki muda mrefu, nimefuata damu ya nyati kwenye vichaka ambavyo sitaki kuvikumbuka, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia jambo hilo dogo. Naomba liandikwe kwenye karatasi anayopewa kila mwenye leseni ya bunduki na kila askari wa wanyamapori: ukilazimika kumuua mbwa, mbweha au mnyama mwingine unayemshuku kichaa, piga kifuani. Usishike mate yake kwa mikono mitupu. Usimchune, usiwape mbwa wengine mzoga. Mwite mtaalamu.

Mheshimiwa Waziri, huenda unajiuliza kwa nini nakuletea habari za mbwa wakati mbwa wapo chini ya wizara ya mifugo. Nakuletea kwa sababu simba ni wako.

Mwanzoni mwa mwaka 1994 nilikuwa kijana natafuta kazi, na habari zilitufikia kwamba simba wa Serengeti wanaanguka. Watu waliokuwa wakifanya kazi ndani walisimulia dume zima, manyoya yake kamili, limelala ubavu linatetemeka, miguu inapiga hewa, taya zinatafuna bila nyama. Sisi wazee wa leo tuliokuwa vijana wakati huo tulidhani ni sumu. Ilikuwa distempa, ugonjwa wa virusi vya mbwa. Simba waliokuwa wakikadiriwa kufika 3,000 katika eneo lote la Serengeti walipungua kwa theluthi moja hivi ndani ya mwaka huo, na ugonjwa ukavuka mpaka hadi Maasai Mara. Fisi, chui na mbweha masikio nao walipatwa. Watafiti walipofuatilia chimbuko, vidole vilielekezwa kwenye vijiji vya kandokando ya hifadhi, kwenye mbwa kama wa kwangu.

Miaka michache kabla ya hapo yalikuwa yamewapata mbwa mwitu. Kichaa kilithibitishwa kwenye baadhi ya makundi yao, na kufikia mwaka 1991 makundi yote yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti kwenye mbuga za nyasi za Serengeti yalikuwa yametoweka. Katika miaka yangu yote ya kufuata nyayo Maswa niliona nyayo za mbwa mwitu mara mbili tu. Mara ya pili nilipiga magoti nikaziwekea kiganja, vidole vinne na kucha wazi, mchanga wa kando ulikuwa bado unaporomoka. Mwindaji bingwa niliyekuwa naye, yule anayeongoza wageni porini, aliyezoea kukimbilia nyati, alizima gari akakaa kimya karibu nusu saa akitumaini watarudi. Mwaka 2012 Serikali ilianza kuwahamisha mbwa mwitu kutoka Loliondo na kuwarudisha hifadhini. Ni kazi ya gharama na ya sifa. Sitaki kusikia siku moja kwamba imefutwa na mbwa wa kijiji aliyekosa sindano.

Distempa yenyewe tunaiona huku karibu kila baada ya miaka kadhaa, ila wengi huidhania mafua. Mbwa anatoka usaha machoni na kamasi puani, anaharisha, pedi za nyayo zinakakamaa kama soli ya kiatu kilichonyeshewa kikakauka juani. Halafu anaanza kutafuna hewa. Akifika hapo hakuna dawa. Mwenye mbwa anamfungua ili akafie mbali, na huo mbali ndio hifadhi yako, Mheshimiwa, kwa sababu huku kwetu ukitoka nje ya mashamba hakuna mahali pengine pa kwenda. Mzoga wake unaliwa usiku uleule.

Nimetaja wageni wa uwindaji. Nakumbuka mmoja kutoka Ujerumani ambaye jioni, tukiota moto, hakuongelea nyati aliyempata. Alitoa simu akanionyesha mbwa wake wa kuwindia ndege, wa kahawia, madoadoa kifuani, amekaa chini na bata mdomoni bila kumtoboa ngozi. Kisha akanionyesha picha ya kijitabu chenye jalada la buluu. Nikadhani ni pasipoti yake. Ilikuwa pasipoti ya mbwa. Kila ukurasa una tarehe, muhuri na kibandiko cha chupa ya chanjo: kichaa, distempa, na magonjwa mengine ambayo sikuyajua. Aliniambia kwao mwindaji makini hampeleki mbwa porini bila kijitabu hicho kuwa sawa, kama ambavyo hapeleki bunduki bila leseni. Mbwa anayeokota ndege aliyeanguka anapitisha pua yake kila shimo na kila kinyesi cha mnyama, kwa hiyo akiwa mgonjwa ataambukiza, na akiwa mzima ataambukizwa. Nililala nikifikiri juu ya mbwa wetu, ambao wanashinda porini na ng'ombe kuliko mbwa yule, na wanakutana na fisi kila wiki.

Sasa nije kwenye risasi. Kila kichaa kinapozuka mahali, agizo la kwanza kusikika ni kuua mbwa wanaozurura. Naelewa hofu hiyo, nimeishi nayo uani kwangu. Lakini nimeona linavyokwenda. Wanapigwa mbwa 40 kwa siku mbili, wengi wao ni wale wapole wasiokimbia mtu, na baadhi yao ndio waliokuwa wamechanjwa. Baada ya mwezi, kila boma lililopoteza mlinzi limekwenda kijiji cha pili kuchukua watoto wa mbwa wawili watatu, hakuna hata mmoja aliyechanjwa, na hakuna anayejua mama yao aliumwa na nini. Shirika la Afya Duniani limekwisha kusema wazi kwamba kuua mbwa hakumalizi kichaa. Kinachokimaliza ni kuchanja angalau mbwa 70 katika kila 100, mwaka hadi mwaka, kwa sababu mbwa wa kijijini haishi sana na wapya wanazaliwa kila msimu. Si lazima tutazame mbali. Pemba waliwahi kukitokomeza kichaa kwa kuchanja mbwa. Kikarudi, wakachanja tena kwa bidii, wakakitoa tena.

Kuhusu distempa niseme ukweli wote, maana wataalamu wako watakuambia. Chanjo ya mbwa wa vijijini imekuwa ikitolewa kuzunguka Serengeti kwa miaka mingi na imepunguza sana ugonjwa kwa mbwa wenyewe, lakini virusi vya distempa vinaonekana kuweza kuzunguka hata miongoni mwa wanyamapori bila mbwa. Kwa hiyo sindano ya mbwa peke yake haitamhakikishia simba usalama. Bado naiomba. Simba hatuwezi kumpanga foleni.

Ninachoomba ni hiki. Wizara yako ikae na ya Mifugo na Uvuvi, na kila kijiji kinachopakana na hifadhi, pori la akiba au kitalu cha uwindaji kipewe siku yake ya chanjo, isiyobadilika, kila mwaka, ya kichaa na ya distempa kwa pamoja, bila malipo. Iwe Julai. Mwezi huo barabara zetu zinapitika, mahindi yameshavunwa na watu wana nafasi, na msimu wa uwindaji unafunguliwa tarehe 1, kwa hiyo kambi zina watu, magari na majokofu ya sola. Majokofu hayo ni muhimu. Chanjo ya kichaa ni ngumu kuharibika: utafiti uliofanyika hapahapa Tanzania ulionyesha inaweza kukaa nje ya jokofu kwenye nyuzijoto 30 kwa miezi 3 na bado ikafanya kazi, hivyo afisa mifugo wa kata anaweza kuwa nayo ofisini. Ya distempa inataka baridi. Kambi ya uwindaji inayohifadhi soda za wageni haiwezi kushindwa kutuhifadhia kisanduku kimoja cha chupa.

Iwe Jumamosi pia. Wanaoleta mbwa kwenye chanjo ni watoto, si sisi. Mwaka ule watu wa chanjo walipokuja siku ya shule, mbwa walioletwa walihesabika kwa vidole, na gari likaondoka na chupa zake. Tena tutangaziwe kwamba watoto wa mbwa nao waletwe, maana watu wengi huwaacha nyumbani wakidhani ni wachanga mno kwa chanjo ya kichaa, na sivyo.

Fedha zitoke kwenye uwindaji na utalii. Nasema hivi kama mtu niliyelishwa na uwindaji na nisiyeuonea aibu. Mgeni analipa fedha nyingi kumwinda simba mmoja dume kwa kibali, na sheria inatutaka tuhakikishe dume huyo ana umri wa kutosha. Tunamhesabu madoa ya pua, tunatazama manyoya, tunabishana kwa saa nzima kwenye majani kabla mtu hajagusa kifyatulio. Umakini huo ni mzuri. Basi sehemu ndogo ya ada hiyo irudi kumkinga simba na ugonjwa ambao hauchagui jike, dume wala mtoto. Kwenye mkataba wa kila kitalu yapo masharti ya kusaidia vijiji. Madarasa na visima tunashukuru. Naomba chanjo ya mbwa iandikwe humo kwa jina lake.

Mbwa wangu wanne wana kamba zao tayari, nimezisuka mwenyewe kwa ngozi. Nimewafundisha vijana wa mtaa namna ya kumshika mbwa wakati wa sindano: magoti mawili kwenye mbavu, mkono mmoja chini ya taya, kipande cha kanga kuzunguka mdomo, na maneno ya kumtuliza yasikatike. Mwanangu, yule aliyeumwa, ndiye anayewashika vizuri kuliko wote. Tuambie tarehe tu, tutapita nyumba kwa nyumba kuwaamsha watu.

Wako mtiifu,

Mfuata nyayo mstaafu,
Magharibi mwa Serengeti