Waajiri wawaruhusu wanawake wahudhurie vikao vya tawi

Mhariri,

Naomba nafasi niwatetee wanawake wa sekta ya majengo ya biashara. Mtandao wa CREW (Commercial Real Estate Women), wa wanawake wa sekta hiyo, ulioanzishwa Marekani mwaka 1989, huwakutanisha madalali, wathamini, wanasheria, wasanifu na maofisa wa mikopo, kwa kuwa uuzaji wa jengo la ofisi hupitia mikono yao wote.

Katika kikao kimoja cha tawi la mtandao huu nilimwona mthamini kijana akifunua mkataba wa upangaji, na mwanasheria aliyeketi kando yake akamwonyesha kwa ncha ya kalamu kifungu cha nyongeza ya kodi ya pango alichokipita, kifungu ambacho kingebadilisha thamani yote ya jengo.

Nasikitika kwamba waajiri wengi, ambao hulipia chakula cha wateja bila kusita, bado huiita mikutano hii mapumziko. Walipe ada za uanachama.

Mwanachama wa tawi