Kabla ya elderberi, tuulinde usingizi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua za wasomaji niwaandikie wasemaji wenzangu wa Kiswahili tunaoishi Ulaya, hasa wenye watoto wadogo, kuhusu jambo linalojirudia kila mwaka saa zinaporudishwa nyuma. Jumapili ya mwisho ya Oktoba inapokaribia, watu huanza kuulizana ni kitu gani kitakachoimarisha kinga ya mwili kabla ya baridi kali, na jibu linalosikika zaidi siku hizi ni sirapu ya elderberi, yaani tunda dogo jeusi la mti ambao wataalamu wa mimea huuita Sambucus nigra. Sina ugomvi na tunda hilo, kwani hata mimi hulichuma. Ninachopinga ni kulibebesha kazi ambayo kwa haki ni ya usingizi na chanjo, na kinachonitia hofu zaidi ni kuona watu wakilinywa bila kulichemsha.

Nianze na hilo la kuchemsha, kwa sababu ndilo lenye hatari. Hivi karibuni jirani yangu, mama wa watoto wawili, aliniletea zawadi ya chupa ya maji ya zambarau iliyokolea. Nilipoifungua niliona vipande vya vikonyo vya kijani vikielea juu, na nilipomwuliza alivyoyatengeneza akanieleza kwamba alisaga mashada mazima kwenye blenda, akachuja kwa kitambaa, akatia asali, basi. Moto hakuugusa kabisa, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba moto unaua vitamini. Tulimwaga chupa ile pamoja na nyingine tatu alizokuwa ameziweka kwenye friji kwa ajili ya watoto. Alisikitika, na nilimwelewa, maana alikuwa ameshinda siku nzima akichuma.

Majani, vikonyo, mbegu na matunda mabichi ya mti huu yana kemikali ambazo zikivunjwavunjwa mwilini hutoa sianidi. Mwaka 1983, katika eneo la mbali la Monterey huko California, Marekani, watu waliokuwa wamekusanyika walikunywa maji ya elderberi za porini zilizopondwa pamoja na majani na matawi yake. 11 kati yao waliugua, wakitapika na kupata kizunguzungu na ganzi, na 8 walilazimika kupelekwa hospitali kwa helikopta. Anayetaka kutengeneza sirapu nyumbani na ayapukuchue matunda yaliyoiva kwa uma mpaka vikonyo vyote vibaki kando, atupe yote yaliyo ya kijani, ayachemshe sawasawa, kisha achuje mbegu. Asali itiwe baada ya kupoa, na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe kabisa sirapu yenye asali, kwa kuwa asali inaweza kuwa na vijidudu vya botulizimu ambavyo utumbo wake bado hauna nguvu ya kuvizuia. Na anayetumia dawa za kupunguza nguvu za kinga ya mwili, kama vile aliyepandikizwa figo, amwulize daktari wake kwanza.

Je, sirapu hiyo inasaidia? Utafiti uliofanyika Norway kwa wagonjwa 60 wa influenza, ukachapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba walioinywa walipata nafuu takriban siku 4 mapema kuliko wenzao. Mwaka 2016 ulichapishwa utafiti wa abiria 312 waliosafiri kwa ndege kutoka Australia: idadi ya waliopata mafua haikutofautiana sana kati ya waliomeza elderberi na wasiomeza, ingawa waliomeza waliugua kwa siku pungufu kuliko wenzao. Utafiti mwingine, wa Marekani mwaka 2020, uliwafuatilia wagonjwa 87 waliothibitishwa kuwa na influenza, na haukuona faida yoyote. Kwa maoni yangu, mtu mzima anayeipenda na ainywe, lakini asiihesabu kuwa ngao.

Usingizi ni habari nyingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, watu 164 waliojitolea walidondoshewa virusi vya mafua puani baada ya usingizi wao kupimwa kwa wiki nzima, na waliolala chini ya saa 6 kwa usiku walikuwa na uwezekano wa kuugua mara 4 na zaidi kuliko waliolala zaidi ya saa 7. Hapo ndipo mabadiliko ya saa yanapotugusa. Usiku huo, katika nchi za Ulaya ya kati, saa tisa hurudishwa kuwa saa nane, na watu hufurahi kwamba wameongezewa saa moja, kisha wanaitumia kukaa macho mbele ya simu. Mwili hauamki kwa kutazama saa ya ukutani. Kiswahili chetu, kinachoanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza, kiko karibu zaidi na ukweli wa mwili, kwa kuwa saa yetu ya ndani hurekebishwa na mwanga wa asubuhi. Mtoto aliyezoea kuamka saa kumi na mbili ataamka saa kumi na moja, na mzazi aliyechelewa kulala ataamka naye, siku baada ya siku, wakati uleule ambao watu wanaanza kujifungia ndani na virusi vinapata hewa baridi na kavu inayovisaidia kudumu.

Jirani yangu sasa huwasogezea watoto muda wa kulala kwa dakika 15 kila baada ya siku moja au mbili, akianza wiki moja kabla ya saa kurudishwa, na asubuhi huwatoa nje wapate mwanga. Chanjo ya influenza huhitaji takriban wiki 2 ili mwili utengeneze kinga, kwa hiyo mwaka huu familia nzima ilichanjwa mwanzoni mwa Oktoba.

Ombi langu kwako, Ndugu Mhariri, ni moja. Gazeti lako litakapochapa tena maelezo ya kutengeneza sirapu ya elderberi, neno "chemsha" liwe katika mstari wa kwanza, na onyo kuhusu majani na vikonyo lifuate papo hapo.

Wako,
Msomaji wa Ulaya