Kemo haiachwi katikati

Mhariri,

Baada ya dripu ya pili ya kemo, yaani dawa za kuua seli za saratani, uvimbe kwenye titi la dada yangu ulianza kunywea. Jirani akamwambia, "Si umeshapona? Ya nini kujimaliza na sumu?" Nusura aache.

Kwamba ni sumu, sibishi. Ile aliyokuwa akiwekewa, doksorubisini, ni nyekundu kama juisi. Siku ya kwanza alipokwenda haja ndogo mkojo ukatoka mwekundu, tukakimbia kumwita muuguzi tukidhani ni damu. Kumbe rangi ya dawa. Hakuna aliyekuwa ametuambia. Karatasi tuliyopewa ilikuwa na tarehe tu.

Dawa hiyo hujipachika kwenye vinasaba vya seli, seli hiyo ikitaka kujigawa inashindwa, inakufa. Seli za saratani hazichoki kujigawa, ndiyo maana huumia zaidi. Lakini dawa haina macho: mashina ya nywele, utando wa mdomo na wa utumbo, uboho wa ndani ya mifupa unaotengeneza damu, vyote hujigawa upesi na vyote hupigwa. Dada aliamka akakuta nywele zimebaki kwenye mto wa kulalia. Tulicheka kwanza, kilio kikaja baadaye. (Zimeshaota, na sasa zina mawimbi!)

Jirani hakujua hili: kila dozi huua sehemu tu ya seli zilizopo. Zilizokuwa zimetulia bila kujigawa siku hiyo huponyoka. Uvimbe wa sentimita 1 una mamia ya mamilioni ya seli, kwa hiyo hata usipohisika tena kwa kidole, zilizosalia zinatosha kuuotesha upya. Basi kwa nini wasimalizie zote kwa mpigo? Kwa sababu ya uboho. Kwa dawa nyingi chembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maradhi, hushuka mno kati ya siku ya 7 na ya 14, kisha hupanda. Ndiyo maana dada aliitwa kila baada ya siku 21. Katika siku hizo za kushuka, homa ya nyuzi 38 haisubiri kukuche, ni kwenda hospitali usiku uleule.

Na waandishi wako, Mhariri, waache kuita kemo "mionzi". Mionzi huelekezwa penye uvimbe. Kemo hupita na damu, ikazifuata hata seli zilizokwisha kuhamia kwingine, ambazo mkono wa daktari wa upasuaji haukuzifikia.

Msomaji wako