Kikombe cha Tatu: Barua kwa Mwanangu Aliyeko Gaborone

Mwanangu mpenzi,

Barua yako ya mwezi uliopita tuliisoma mara mbili, mara ya kwanza mama yako akiisoma kwa sauti barazani, na mara ya pili nikiisoma peke yangu usiku baada ya yeye kulala. Ulituandikia habari za kazi, za baridi ya Juni ambayo hukuitarajia, na za arusi ya dada wa mwenzako wa ofisini, ambako mlilishwa nyama iliyopondwa hadi ikawa nyuzinyuzi. Sentensi iliyonikaa moyoni, hata hivyo, ni ile fupi uliyoipenyeza katikati ya nyingine, kwamba siku nyingi unakula mkate na mayai ukiwa umesimama jikoni, kwa sababu huoni maana ya kuwasha moto kwa ajili ya mtu mmoja. Nimekaa na sentensi hiyo wiki tatu nzima, na sasa ninakujibu.

Utakumbuka miaka ile mama yako alipokuwa akifanya zamu za usiku wodini. Tulibaki wawili hapa Tanga, mimi na wewe, kwenye meza ya jikoni, na umeme ulipokatika tuliwasha taa ya chemli. Chungu kilitokota taratibu kwenye jiko la mkaa huku nikikusomea riwaya za upelelezi nilizoziazima maktaba ya mkoa, nikizitafsiri kutoka Kiingereza papo kwa papo. Zile za bastola na damu niliziacha rafuni. Nilichagua zile ambazo mpelelezi wake ni mama wa makamo au bibi kizee anayefuma sweta, ambazo uovu wa mtu mmoja hauwaharibu majirani wote, na ambazo kila baada ya kurasa chache mtu hubandika maji ya chai. Ulikuwa na miaka tisa, na ulikuwa ukinikatiza katikati ya ushahidi mzito kabisa ili uniulize, "Baba, wanakula nini?" Ndipo nilipoanza kukupikia kile walichokuwa wakila. Mpelelezi wetu wa Unguja, Bwana Msa, aliyebuniwa na Mohamed Said Abdulla na kutokea kitabuni mwaka 1960, nilikusomea pia, na ninamheshimu sana, lakini yeye ninamkumbuka kwa kiko chake kuliko kwa sahani yake. Mapishi yetu tuliyapata kwa mama mwingine, ambaye leo unaishi katika mji wake.

Mma Ramotswe ("Mma" ni "Mama" kwa Kisetswana) alibuniwa na Alexander McCall Smith, mwandishi aliyezaliwa Bulawayo, katika Zimbabwe ya leo, mwaka 1948 na aliyewahi kufundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Botswana. Kitabu cha kwanza kilitoka mwaka 1998. Mama huyu anauza ng'ombe aliorithi kwa baba yake, kisha anafungua ofisi ya upelelezi chini ya kilima cha Kgale, kilima hicho hicho ulichonitumia picha yake. Mwanzoni kabisa mwandishi anazitaja mali za ofisi hiyo, nazo ni chache: meza mbili, viti viwili, simu, taipureta kuukuu, buli la chai na vikombe vitatu. Wewe ndiye uliyenisimamisha hapo. Ulitaka kujua kikombe cha tatu ni cha nani, ikiwa ofisi ina watu wawili tu, yeye na karani wake. Niliposoma mbele tukakuta kwamba ni cha mteja, yaani mtu ambaye bado hajabisha hodi na ambaye hata jina lake halijajulikana. Ulifurahi kiasi cha kwenda kabatini kuongeza kikombe mezani kwetu, na tangu usiku ule mama yako aliporudi alfajiri alikuta kikombe chake kimefunikwa kisosi, kikimngojea.

Kwa hiyo nianze na chai. Rooibos, ambayo Mma Ramotswe huinywa kutwa, haitokani na mchai kama chai yetu ya Mufindi au ya Amani. Ni mmea wa jamii ya kunde unaoota katika milima ya Cederberg, Afrika Kusini. Vijiti na majani yake hukatwakatwa, hupondwa, huachwa yachachuke katika lundo, kisha huanikwa juani, na hapo ndipo yanapogeuka kutoka kijani kuwa mekundu. Haina kafeini, hivyo haitakunyima usingizi ukiinywa saa nne usiku baada ya kazi. Jambo linalonipendeza zaidi ni kwamba haigeuki chungu hata ukiisahau motoni, na kwa sababu hiyo inakubali kupikwa kwa mtindo wetu. Tia majani vijiko viwili vya chai katika nusu lita ya maji, pamoja na punje nne za iliki ulizozitwanga na kipande cha tangawizi mbichi, iache itokote dakika kumi, halafu ongeza maziwa kikombe kimoja na uiache ichemke tena mara moja. Kumbuka tu kwamba karani Mma Makutsi alikunywa chai hiyo muda mrefu kabla ya kupata ujasiri wa kukiri kwamba yeye anapenda chai ya kawaida. Mgeni wako muulize kwanza.

Sasa keki ya matunda. Katika vitabu vile keki ni ya Mma Potokwani, mlezi mkuu wa kituo cha watoto yatima kilichoko Tlokweng, nje kidogo ya Gaborone. Huwakatia wageni kipande kinene, na mgeni akishakimaliza hukuta ameombwa jambo ambalo hawezi tena kulikataa. Bwana Matekoni, fundi wa magari, alilainishwa moyo kwa keki hiyo mara nyingi, akarekebisha pampu ya maji mara nyingi vilevile, na mwisho akajikuta amewachukua watoto wawili kuwalea. Ninampenda mama huyo kwa moyo wangu wote, kwa sababu keki yake daima ilikuwa ikimtafutia mtoto fulani kitu fulani.

Yangu ya kwanza niliioka katika sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, kama unavyopalia wali, na kwa kuwa nilizidisha moto wa chini iliungua kitako. Tulikata sehemu nyeusi tukala ya juu. Baada ya majaribio mengi nilifika kwenye vipimo hivi, na kwa kuwa wewe una oveni hutahangaika na makaa. Chukua zabibu kavu gramu 250 na tende gramu 100 uzikate vipande vidogo. Zitie katika sufuria pamoja na chai nzito ya rooibos mililita 250, sukari gramu 150, siagi gramu 100, mdalasini kijiko kimoja cha chai na kungumanga kiasi cha kukwangua tu. Chemsha dakika saba, kisha uipue na uiache ipoe kabisa. Hapa ndipo watu wengi wanapokosea kwa haraka, maana mayai yakitiwa katika mchanganyiko wa moto hugandamana kabla ya kuingia keki. Ikishapoa, ongeza mayai mawili yaliyopigwa, halafu unga wa ngano gramu 250 uliochekechwa pamoja na beking pauda vijiko viwili vya chai, na ukoroge kwa mwiko hadi unga mkavu usionekane tena. Oka kwa nyuzi joto 160 kwa muda wa saa moja na ushee, hadi kijiti utakachochomeka katikati kitoke kikavu. Usiikate siku hiyo. Ifunge kwa karatasi ya mafuta uilaze usiku mmoja, kwa sababu matunda yanaendelea kutoa unyevu na keki ya kesho yake ni keki nyingine kabisa.

Ulipokuwa na miaka kumi na moja uliniuliza swali ambalo sikulijibu vizuri, nalo ni kwa nini hadithi zenye watu kuuawa zinatufariji. Jibu langu nililipata baadaye, katika hadithi ya Agatha Christie, mwandishi Mwingereza wa riwaya za upelelezi, iliyotoka mwaka 1950. Humo yumo mpishi mkimbizi aitwaye Mitzi, mwanamke aliyekimbia vita Ulaya, mwenye hofu na hasira, ambaye hakuna anayemsadiki. Anaombwa aoke keki ya chokoleti kwa siku ya kuzaliwa ya mmoja wa wenyeji, na kijana mmoja wa nyumba ile anaipachika keki hiyo jina la Kifo Kitamu. Uingereza wakati huo bado ilikuwa katika mgao wa chakula ulioanza Januari 1940 na kwisha Julai 1954, na siagi na sukari zilipimwa kwa kila mtu kila wiki. Hebu fikiria msomaji wa mwaka ule, mwenye kipande chake kidogo cha siagi kabatini, akisoma habari za keki iliyojaa siagi, chokoleti na zabibu. Kifo kinatokea, ndiyo, lakini keki haina hatia yoyote, na wakati wa kuila watu wote, hata wanaoshukiana, wameketi meza moja. Christie aliyajua mambo ya sumu kwa undani, kwa sababu katika Vita vya Kwanza vya Dunia alifanya kazi katika chumba cha dawa cha hospitali huko Torquay. Pamoja na ujuzi huo wa kutisha, aliona ni haki kumpa msomaji wake meza iliyoandaliwa vizuri, na kumpa Mitzi, ambaye maneno yake hayasadikiwi, jambo moja ambalo kila mtu anamsadiki. Keki hiyo sitakuandikia, mwanangu. Ni ya kulisha watu wengi, na nimeiweka kwa siku utakaporudi likizo.

Boga ndilo pishi lililo jepesi kuliko yote, na kwetu halihitaji maelezo marefu. Mma Ramotswe ni mpenzi mkubwa wa boga, na katika kitabu kimojawapo kuna boga zuri linaloachwa nyumbani kwake na mtu asiyejulikana, likawa ushahidi na chakula kwa wakati mmoja. Huko Botswana wanalipika kwa namna zao, lakini wewe lipike kwa nazi. Madukani huko utapata tui la kopo. Chukua kopo moja, nusu yake uizimue kwa maji vikombe viwili ndiyo iwe tui lako la pili, na nusu iliyobaki iwe kasimile, yaani tui zito. Kata boga kilo moja, lichemshe katika tui la pili pamoja na chumvi kidogo, sukari vijiko viwili vya chakula na iliki, hadi liwe laini lakini lisivurugike. Ndipo umimine kasimile, upunguze moto, uwe unateka na kumimina kwa upawa bila kuacha, ili tui lisikatike. Kula lingali moto, ukiwa umeketi.

Ile nyama ya arusini uliyoisifu inaitwa seswaa, na nimefurahi kwamba umeipenda, kwa sababu inafundisha subira kuliko pishi lolote la kwetu. Viungo vyake ni nyama ya ng'ombe yenye mifupa, maji na chumvi, basi. Batswana huipika katika chungu cha chuma chenye miguu mitatu, katika shughuli kubwa za furaha na za msiba. Kwa kilo moja na nusu utahitaji saa tatu hadi nne za moto mdogo, ukiongeza maji ya moto yakipungua, mpaka nyama iachane na mfupa yenyewe. Toa mifupa, iponde humo humo kwa mwiko wa mti, kisha iache ikaukie katika mafuta yake. Usiitie kitunguu wala bizari. Ninajua mkono wako utakuwasha kutia, nami ungeniwasha, lakini chakula cha wenyeji kipike kwanza kama wanavyokipika wao, na mwenzako wa ofisini atakusahihisha palipobaki. Siku hiyo songa ugali.

Sasa nirudi kwenye sentensi yako. Umeniandikia pia habari za mama wa nyumba ya pili, mjane, anayefagia uwanja wake alfajiri na kukuamkia "Dumela, mma" kila unapotoka kwenda kazini, nawe huitikia ukipita mbio kwa sababu ya basi. Miezi minane sasa mnasalimiana kupitia uzio. Oka keki Ijumaa usiku, ilaze, na Jumamosi saa kumi jioni umpelekee vipande viwili kwenye sahani iliyofunikwa kitambaa safi. Sahani hairudishwi tupu mahali popote ninapopajua, hivyo ataileta, na akiileta mkaribishe ndani. Umeniambia una vikombe viwili tu. Nunua cha tatu, kwa kuwa huenda akaja na mjukuu wake.

Mama yako anakusalimu sana. Amesema usizidishe kungumanga, na anataka picha ya keki ikiwa imekatwa, aone kama ndani imeiva. Mimi ninataka barua. Niandikie yule mama alikuambia nini, na alichagua chai ipi.

Ni mimi baba yako akupendaye.