Malalamiko: nimelipia senti ya makosa matatu mkaniletea ya kosa moja

Kwenu huduma kwa wateja,

Habari za kazi. Tangazo lenu lilinifikia kwa Kiswahili kwenye grupu la WhatsApp, kwahiyo na malalamiko yanakuja kwa Kiswahili hivyohivyo, ila safari hii naomba asome mtu anayezishika hizi sarafu mkononi, sio yule wa kwenye chati aliyenibandikia jibu lilelile mara tatu.

Oda yangu ni ile senti kubwa ya shaba ya Marekani ya mwaka 1801 mliyoiandika "makosa matatu, namba 219 ya Sheldon", Sheldon ni yule mtaalamu aliyezipa namba senti hizi kufuata mihuri iliyozigonga. Nimelipa dola 485 na posta dola 12 juu. Siku hiyohiyo mlikuwa na 1801 nyingine ya kawaida, imechakaa sawasawa na hii, mnaiuza dola 140. Hizo dola 345 katikati hapo ndo ugomvi wetu, maana mi sikulipia mwaka, nililipia muhuri, yaani kile chuma kilichoigonga sarafu.

Naeleza kwasababu kijana wenu kaniandikia "1801 ni 1801 bosi, mwaka si umeona ni wenyewe". Sasa jamani kama mwaka ndo kila kitu si mngeuza zote bei moja tukamaliza. Mi naishi hapahapa Philadelphia, nikitoka zamu ya usiku napita karibu na Seventh Street kilipokuwa kile kiwanda cha kwanza cha sarafu, siku hizi hakipo ila ndo hapo hizi senti zilipogongwa, na enzi hizo muhuri wa chuma ulikuwa unachongwa na mtu, herufi inagongwa moja moja, majani ya lile shada la nyuma ya sarafu na namba hivyohivyo, kwahiyo hakuna mihuri miwili inayofanana sawasawa na fundi akikosea basi kosa linaenda kwenye kila sarafu itakayogongwa na muhuri ule mpaka ufe. Hesabu ya kiwanda kwa mwaka ule ni senti 1,362,837, na Sheldon alipokuja kuzipanga mwaka 1949 za 1801 alizipa namba kuanzia 213 mpaka 224. Zote hizo mwaka ni mmoja, bei zinapishana kama mbingu na ardhi.

Hiyo 219 ndo ile ambayo fundi sijui alikuwa na usingizi. Chini kabisa nyuma, badala ya kuandika 1/100 akaandika 1/000, yaani senti ni sehemu ya sifuri, sijui alikuwa anamgawia nani. Kikonyo cha kushoto cha shada akakisahau kabisa. Alafu U ya UNITED aliigonga kichwa chini, akashtuka, akagonga nyingine iliyokaa sawa juu yake, matokeo yake inafungana juu na chini mtu anasoma IINITED. Hayo ndo makosa matatu, na yanatakiwa yawe yote matatu kwenye sarafu moja.

Sasa ya kwenu. Imefika Jumamosi, nimeiweka kwenye meza ya jikoni chini ya taa, nikachukua lenzi yangu ya mara kumi. Nikaanza na 1/000, ipo, safi kabisa, nikafurahi. Nikapanda kwenye UNITED, miguu miwili ya U naiona ila kitako kimelika na kuna ukijani wa shaba pale, nikasema haya labda. Nikashuka kwenye fundo la utepe linalofunga shada chini kutafuta kikonyo cha kushoto nikitegemea nisikione. Kipo. Ncha imelika kidogo lakini kipo, ukiilaza sarafu kwenye mwanga unakiona hata bila lenzi, na mwenzake wa kulia yupo upande wa pili ametulia zake. Nikairudia ile U, nikaizungusha taratibu, nikaona kitako chake kimebaki kama kivuli, ni U ya kawaida tu iliyochakaa chini, na U yoyote ikichakaa chini lazima ifanane na II. Hapo ndo mlipoingia mkenge, mmeona sifuri tatu, mkaona kama I mbili, hamkwenda kuangalia kikonyo. 1801 zenye 1/000 na vikonyo vyote viwili zipo, hata ipo ambayo fundi alijisahihisha akagonga 1 juu ya sifuri ya kwanza, lakini hizo sio 219.

Jibu lenu la kwanza lilinichekesha kabla halijaniudhi, eti "vikonyo mara nyingi vinaathiriwa na uchakavu". Ni kweli, ila soma tena nilichoandika! Kuchakaa kunakula, hakuoteshi. Sarafu iliyotembea mifukoni mwa watu inaweza ikapoteza kikonyo ilichozaliwa nacho, haiwezi ikaota ambacho haikuwahi kuwa nacho. Mngekuwa mmeniuzia isiyo na kikonyo mkasema sio 219 tungebishana, ila yenye kikonyo hakuna cha kubishana hapo.

Jibu la pili likawa eti nimeshafungua kifuko hairudi. Sasa ningeionaje? Stika yenu ya bei mmeibandika upande wa nyuma wa kile kikadibodi kinachoshika sarafu, juu ya dirisha lake, imeziba fundo lote la utepe na sehemu ya ile 1/000, yaani mmeziba palepale panapotakiwa kuangaliwa. Na picha ya nyuma mliyoweka kwenye tangazo ina mng'ao wa taa chini hapo, kichwa cha yule mama wa Uhuru mbele kinaonekana mpaka nywele. Sisemi mmefanya makusudi. Masharti yenu yanasema siku 14, mi nimewaandikia siku ya pili.

Sarafu yenyewe sio mbaya, ina rangi nzuri ya kahawa na haijatobolewa. Kwahiyo chagueni, mnirudishie dola 497 zote na mnitumie lebo ya posta niirudishe, au mnipunguzie nikae nayo kwa bei ya 1/000 ya kawaida, ambayo najua inazidi kidogo hiyo 140, tutaelewana, sitaki kudhulumu mtu. Nimeambatanisha picha nne, ya tatu ndo ya kikonyo, taa imetokea upande wa kushoto.

Nasubiri mpaka Ijumaa, baada ya hapo naenda benki kuyapinga malipo. Na jana nimeona mmeweka tena 1801 ya "makosa matatu" kwa picha hiihii ya sarafu yangu, naomba muitoe leo kabla mwingine hajalipa. Ya kwangu iko kwenye kikadibodi chake, sijaiosha wala sijaichokonoa.

Mteja wenu,
Philadelphia